Nani Aliyemfundisha Mwalimu Wako?

(Mazungumzo haya yalisomwa kwanza redioni katika kipindi chetu cha kila juma.)

Ndugu msikilizaji, mwaka 1989 nilikuwa darasa la tano katika shule moja ya msingi hapa Mpanda. Jumatatu moja asubuhi, tukiwa mstarini, mwalimu mkuu alitutambulisha kwa kijana mmoja mwembamba aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Akasema, "Huyu ni mwalimu wenu wa mazoezi. Mheshimuni." Tukaitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Ahadi ile hatukuitimiza hata kwa siku mbili.

Mwalimu wetu wa hisabati alimkabidhi kijana yule chaki, kitabu na fimbo, kisha akaondoka. Ulikuwa msimu wa kuvuna tumbaku, naye alikuwa na shamba. Kwa wiki kadhaa hatukumwona darasani. Kijana akabaki peke yake na watoto sabini na kitu. Alipogeuka kuandika ubaoni, tulilia kama paka. Alipouliza swali, tulinyamaza wote kama maji ya mtungini. Siku moja nilimkuta nyuma ya darasa, chini ya mwembe, ameshika daftari lake la maandalio ya masomo, anafuta macho kwa mkono wa shati. Nilikwenda mbio kuwaambia wenzangu, tukacheka mpaka tukaumwa mbavu.

Kisha ikafika siku ya mkufunzi kuja kutoka chuoni. Kumbe habari zake zilikuwa zimetangulia. Siku moja kabla, mwalimu wetu alirudi, akatufundisha yeye mwenyewe somo la sehemu ambalo kijana angelifundisha kesho yake. Akatuagiza: swali likiulizwa, nyosheni mikono nyote, anayejua jibu anyoshe mkono wa kulia, asiyejua anyoshe wa kushoto. Mkufunzi akakaa nyuma kabisa, akaona msitu wa mikono, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika alama zake, akapanda gari kwenda shule nyingine. Kila mtu alifurahi siku ile. Chuo kilipata alama, shule ilipata sifa, mwalimu wetu alirudi shambani, nasi tulipewa mapumziko mapema. Ila kijana yule hakuwa amefundishwa kufundisha, na sisi hatukuwa tumejifunza sehemu.

Swali ambalo sikuliuliza nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja naliuliza leo nikiwa mtu mzima mwenye watoto shuleni. Kijana yule alikuwa wa nani? Alikuwa wa chuo kilichomtuma? Wa mwalimu mkuu aliyempokea? Wa mwalimu wa hisabati aliyemwachia chaki? Au alikuwa wake mwenyewe, ajifie na ajizike? Swali hili si la mtu mmoja. Nikiitazama historia ya ualimu katika nchi yetu, naona kwamba limeulizwa mara nyingi na kila mara limejibiwa nusu.

Tuanze mbali kidogo, kule Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Wengi wetu tunaijua Karema kwa migebuka yake, lakini ni miongoni mwa mahali pa kwanza katika nyanda hizi kupata shule ya kusoma na kuandika. Ngome iliyojengwa pale na Wabelgiji mwaka 1879 ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Mwaka 1889 akafika Adrien Atiman, mtu wa Afrika Magharibi aliyekuwa amekombolewa kutoka utumwani na kusomeshwa utabibu kule Malta. Atiman alikuwa tabibu na katekista kwa pamoja, na alitumika Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Katika misheni za siku zile, kijana aliyetaka kuwa katekista alijifunza kazi kwa kukaa karibu na aliyemtangulia. Alimsikia akisomesha, akamsaidia, akasahihishwa, hata siku moja akaachiwa kundi lake mwenyewe.

Wala hili halikuwa geni kwa wenyeji. Mrina asali wa Inyonga hakumpa kijana kamba na kumwambia, "Panda, nyuki wako juu." Alipanda naye. Mhunzi hakumwachia mwanafunzi wake tanuru siku ya kwanza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini hata huyo mgeni alipewa jembe akaoneshwa na mpaka wa shamba, na mwenyeji akalima ubavuni pake. Sisi katika ualimu mara nyingi tumempa mgeni jembe, kisha mwenyeji akaenda kulala.

Wapo waliolitambua jambo hili zamani wakalitafutia dawa. Mwaka 1908, katika jimbo la Virginia kule Marekani, mwalimu mmoja mweusi aitwaye Virginia Randolph alipewa kazi ya kuzunguka katika shule za vijijini za watu weusi na kuwasaidia walimu wenzake, akilipwa kutoka mfuko ulioachwa na mama mmoja tajiri, Anna Jeanes. Hakuwa mkaguzi. Alikuwa mwalimu anayewasaidia walimu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ambayo ndani yake alikuwamo msomi Mwafrika James Aggrey, ilipita Afrika ya Mashariki, Tanganyika ikiwamo, na wazo hilo likaja nayo. Mwaka uliofuata, 1925, Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kuwafunza walimu wa namna hiyo ambao baadaye walikwenda kuzungukia shule za vijijini na kuwaongoza walimu vijana.

Ukoloni ulikuwa na makusudi yake, na elimu aliyopewa Mwafrika wakati ule ilikuwa na mipaka yake, hilo tunalijua. Lakini naomba tulitazame jambo moja tu katika mpango ule. Yule mwalimu wa Jeanes alikuwa na jina la kazi yake, alikuwa na muda wa kuifanya, na alikuwa na mshahara kwa ajili yake. Mambo hayo matatu, jina, muda na malipo, yashike vizuri, maana tutayatafuta tena mbele ya safari na tutayakosa.

Sasa tuje kwetu, baada ya Uhuru. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri apate nafasi ya elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977. Lengo la awali lilikuwa mwaka 1989. Kwa hiyo kazi iliyopangiwa miaka kumi na mitano ilitakiwa ifanywe kwa mitatu. Hapa kwetu mwaka ule ulikuwa na mambo mengi. Mpanda ilitolewa Mkoa wa Tabora ikaunganishwa na Sumbawanga kuwa Mkoa mpya wa Rukwa. Operesheni Vijiji ilikuwa inawakusanya watu waliokuwa wametawanyika porini. Katumba ilikuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia kuwapokea ndugu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na Mishamo ingefuata mwaka 1978. Kila mahali walikuwapo watoto, na kila mahali yalitakiwa madarasa. Walimu wangetoka wapi?

Vyuo vilivyokuwapo visingeweza kuwatoa kwa wakati. Ndipo mwaka 1976 nchi ikaamua jambo la kijasiri. Vijana waliomaliza darasa la saba wangechukuliwa na kufunzwa ualimu wakiwa huko huko vijijini, huku wakifundisha. Asubuhi waliingia darasani kufundisha vipindi vichache chini ya uangalizi wa walimu wenye ujuzi. Mchana walikaa na mwalimu aliyeteuliwa kuwasomesha. Vitabu vya masomo vilitumwa kwa njia ya posta, na vipindi maalumu vilirushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwishoni walikwenda chuoni kwa wiki sita na kufanya mtihani. Kati ya mwaka 1976 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya vijana 45,000 waliingia katika mpango huo, na karibu 38,000 walifuzu. Shule za msingi zilizokuwa na wanafunzi wapatao milioni 1.2 mwaka 1974 zilikuwa na zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mimi ni mtu wa redio, na ningependa sana kusimama hapa niseme kwamba redio ndiyo iliyowafunza walimu wale. Ingekuwa sifa kwa kazi yetu. Lakini nilimwuliza mama mmoja aliyekuwamo, naye akanirekebisha.

Mama huyu ni mwalimu mstaafu. Nilimkuta barazani kwake hapa mjini, anachambua maharage. Mwaka 1976 alikuwa na miaka kumi na saba, amemaliza darasa la saba katika kijiji kimoja kando ya reli itokayo Kaliua. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwuliza kuhusu vipindi vya redio.

"Mwanangu," akasema, "redio ilikuwapo moja, ya mwalimu mkuu. Betri zikiisha tulizianika juani. Siku nyingine tulisikia, siku nyingine tulisikia mkwaruzo tu. Aliyenifundisha mimi alikuwa mzee wa darasa la jirani."

Akanieleza. Mzee yule alikuwa mwalimu wa zamani, mkali, mwenye kanzu ya Ijumaa na koti moja la siku nyingine zote. Kwa mwezi mzima wa kwanza, kila asubuhi aliwapa wanafunzi wake zoezi la kuandika, akamwachia kiranja, kisha akaja kukaa kwenye gogo nyuma ya darasa la huyu binti. Hakusema neno. Kipindi kikiisha alimpa kipande cha karatasi chenye sentensi mbili. Ya kwanza ilisema alichofanya vizuri. Ya pili ilisema kitu kimoja cha kurekebisha kesho. Kimoja tu. "Kesho usizungumze ukiwa umegeukia ubao." "Kesho mtaje mtoto kwa jina lake." "Kesho uliza swali kwanza, kisha ndipo umchague wa kujibu." Mwezi wa pili alikuja mara mbili kwa wiki. Mwezi wa tatu alimwambia, "Sasa njoo wewe ukae kwenye gogo langu, unitazame mimi, uniambie nimekosea wapi."

"Nilitetemeka," mama akaniambia. "Mimi mtoto wa darasa la saba nimwambie mzee amekosea! Lakini aliningoja mpaka nikasema. Nilimwambia anawaita wavulana tu. Akacheka, akasema, kumbe. Tangu siku ile akawaita na wasichana."

Nikamwuliza, mzee yule alilipwa nini kwa kazi ile? Mama akaniangalia kana kwamba nimeuliza bei ya mvua. Hakulipwa kitu. Hakupunguziwa kipindi hata kimoja. Wala hakuwa na cheo. Nikamwuliza tena, na wale waliokuja baada yako, kundi lililofuata? Akanyamaza kidogo. Mzee alikuwa amehamishwa. Vijana wawili waliokuja walipewa madarasa siku ya kwanza. Mmoja aliacha kazi kabla ya mwaka kwisha. Wa pili alibaki, akafundisha miaka mingi, "lakini alifundisha kwa fimbo, maana hakuoneshwa kingine."

Ndugu msikilizaji, kutoka barazani kwa mama yule niliondoka na jambo moja, ndilo ninalotaka kukuachia leo. Shule ile ile, mpango ule ule, vitabu vile vile, redio ile ile; binti mmoja akawa mwalimu kamili, kijana mwingine akaacha kazi. Kilichowatofautisha ni mzee mmoja na gogo. Nchi ilihesabu vijana, ikahesabu vitabu, ikapanga saa za matangazo, nayo ilifanya kazi kubwa ambayo mataifa mengi yalikuja kujifunza. Lakini mzee yule haikumhesabu. Ikamwachia bahati. Na bahati haipangiwi ratiba.

Tunajua watu walivyowasema walimu wa UPE. Herufi hizo tatu ziligeuzwa zikawa kejeli: Ualimu Pasipo Elimu. Wengi tulicheka. Hata hivyo, walipopimwa kwa utulivu mambo yalikuwa tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 mjini Paris na Taasisi ya Kimataifa ya Mipango ya Elimu ya UNESCO, kazi ya Lars Mählck na E. B. Temu, uliwalinganisha walimu waliofunzwa vijijini na wale waliofunzwa vyuoni. Pengo kubwa ambalo watu walilitazamia halikuonekana. Maana yake si kwamba vyuo havina faida, la hasha. Maana yake ni kwamba kufundisha, pamoja na vitabu vyake vyote, ni kazi ya mikono na macho pia, na mtu aliyeshikwa mkono darasani anaweza kufika mbali.

Je, somo hilo tulilishika? Tutazame kilichofuata. Mwaka 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Ada za shule za msingi zilikuwa zimefutwa, watoto wakafurika darasa la kwanza, na walimu wakahitajika upesi kwa mara nyingine. Mafunzo ya ualimu wa Daraja A, ambayo yalikuwa ya miaka miwili chuoni, yakagawanywa: mwaka mmoja chuoni, mwaka wa pili shuleni, mwanachuo akifundisha chini ya malezi ya walimu wenyeji. Kwa maandishi ulikuwa mpango mzuri. Ulikuwa ni ule wa mzee na gogo lake, safari hii umeandikwa kwenye waraka. Lakini shule nyingi hazikuwa na walimu wa kutosha, na mwanachuo alipofika alipokewa kama mwalimu kamili aliyeletwa kuziba pengo. Mwalimu wa kumlea alikuwa na watoto mia moja wa kwake. Wakufunzi walikuwa mbali. Baada ya miaka michache mpango huo uliachwa, mafunzo yakarudi chuoni kwa miaka miwili.

Katikati ya miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zilipofunguliwa nchi nzima, mambo yalikwenda mbio zaidi. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda wa kama mwezi mmoja, wakapelekwa madarasani. Wananchi, ambao hawakosi jina, wakawaita walimu wa Voda Fasta, kwa kufananisha na namna ya kuongeza salio la simu haraka haraka. Tena tukacheka. Nami nauliza: tulimcheka nani? Kijana aliyekubali kwenda kufundisha mahali ambapo hapakuwa na mwalimu, au sisi tuliompeleka bila kumwekea mtu wa kukaa nyuma ya darasa lake?

Sasa tuitazame hali ya mwalimu wa mazoezi kama ilivyo, bila kumwonea mtu. Kila mwaka wanachuo hushuka kwenye stesheni na stendi zetu na begi mgongoni, na barua ya chuo mkononi. Wengine huishia hapa Kashaulili au Makanyagio. Wengine huendelea hadi Mwese, Mishamo, Ikola au Majimoto. Wahusika ni watano: mwanachuo mwenyewe, mkufunzi wa chuo, mwalimu mkuu, mwalimu wa somo, na wazazi wa kijiji.

Mkufunzi ana wanachuo wengi waliotawanyika katika shule zilizo mbali mbali, na siku chache za kuwazungukia. Akimwona kila mmoja mara moja au mbili amefanya kazi. Mwalimu mkuu ana upungufu wa walimu. Anamshukuru Mungu kwa mikono mipya na kuipangia vipindi vingi awezavyo. Mwalimu wa somo amechoka. Amekuwa na darasa kubwa tangu mwaka uanze, na mwalimu wa mazoezi ni pumziko pekee atakalolipata. Mwanachuo anataka alama, kwa hiyo anaficha anachoshindwa, wakati alikuja kujifunza hicho hicho. Wazazi wanaona kijana mgeni na kusema watoto wao wanafanyiwa majaribio. Ukimsikiliza kila mmoja, ana sababu. Hakuna mbaya wa hadithi hii. Hata mwalimu wangu wa hisabati na tumbaku yake, nikiukumbuka mshahara wa walimu wa miaka ile, namwelewa.

Wahenga walituonya kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Katika jambo hili hatari yetu ni nyingine. Chombo kina manahodha watano na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake ndiye aliyeshika usukani.

Kushirikiana katika wajibu ni jambo jema, lakini wajibu wa wote ukikosa mtu mmoja wa kuulizwa huwa si wajibu wa yeyote. Mkufunzi ndiye mwenye nadharia, na ndiye mwenye kupima mwishoni. Mwalimu mkuu ndiye mwenye ratiba. Yeye peke yake anaweza kumpunguzia mtu vipindi. Mwanachuo ana wajibu wa kuandaa somo kabla ya kulala na kukubali kuambiwa ukweli. Wazazi na kijiji wana wajibu wa kumpa mahali pa kulala, sahani ya ugali na salamu, maana mtu mwenye njaa na upweke hafundishi. Lakini anayemwona kila siku ni mmoja tu, yule mwalimu wa darasa. Huyo ndiye mhimili. Naye ndiye ambaye hatujamkubalia hata jina. Wengine humwita mwalimu mlezi, wengine mwalimu mshauri, wengine mwalimu mwenyeji, na katika shule nyingi haitwi chochote. Rudi ukayakumbuke yale mambo matatu ya mwalimu wa Jeanes wa mwaka 1925: jina, muda, malipo. Mwalimu wetu mlezi mara nyingi hana hata kimoja.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Miaka hii ya karibuni umekuwapo mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao MEWAKA, ambao ndani yake walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza, wakazungumza masomo yanayowashinda. Hapo ndipo mahali pa mwalimu wa mazoezi. Asiachwe nje kama mgeni wa harusi; aketi nao, asikie walimu wazoefu wakikiri kwamba nao wanashindwa. Kijana akisikia hivyo mara moja tu, hataficha tena anachoshindwa.

Na kwa yale yasiyohitaji fedha, hatuna sababu ya kungoja waraka. Mwalimu mkuu anaweza, siku ile ile barua ya chuo inapofika, kuandika jina la mwalimu mmoja mbele ya jina la mwanachuo, na kulibandika ofisini. Anaweza kumwondolea mwalimu huyo zamu kwa wiki za mazoezi. Wiki ya kwanza mwanachuo asishike chaki. Akae nyuma atazame. Wiki ya pili afundishe vipindi vichache, mwenyeji akiwamo darasani. Mkufunzi akifika, kabla hajamtazama mwanachuo, akae na mwalimu mlezi kwa nusu saa amwulize, na neno la mwalimu huyo liingie katika alama. Tukifanya hivyo, ule mchezo wa mkono wa kulia na wa kushoto utakufa wenyewe, kwa sababu anayetoa ushuhuda atakuwa mtu aliyeona siku zote, si siku moja.

Lile la malipo linahitaji fedha, na hilo naliacha mikononi mwa wenye mamlaka. Ila nawakumbusha jambo. Sensa ya mwaka 2012, mwaka ambao Katavi ilitangazwa kuwa mkoa, ilihesabu watu 564,604 hapa kwetu. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Kwa miaka kumi tumeongezeka zaidi ya mara mbili. Tangu mwaka 2016 elimu bila malipo imewafungulia watoto milango ya shule zaidi. Watoto hao watataka walimu, na walimu hao watakuja wengi na kwa haraka, kama walivyokuja mwaka 1976, 2002 na 2006. Madarasa tutajenga, tumejua kujenga. Tukumbuke tu kuhesabu na watu wa kukaa kwenye gogo.

Kijana yule wa shati jeupe wa mwaka 1989, kama anasikiliza, leo ni mtu mzima kunizidi. Mimi nilikuwa dawati la tatu upande wa dirishani. Jibu la sehemu sikulijua. Nilinyosha mkono wa kushoto. Namwomba radhi kwa kicheko cha chini ya mwembe.

Na wewe mwalimu unayenisikiliza jioni hii, ambaye kesho asubuhi utamkuta kijana mgeni amesimama mlangoni pa ofisi na barua mkononi, chukua karatasi. Iandike sentensi mbili.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, kwaheri.